Endometriosisi: namna ya kutuliza maumivu ya nyonga bila kupoteza nafasi ya kuzaa

Ukienda kwa daktari na maumivu ya endometriosisi, nenda ukiwa na jibu la swali moja: unatafuta mimba sasa hivi, unaitaka miaka ijayo, au umeshamaliza kuzaa? Karibu dawa zote za homoni zinazotuliza ugonjwa huu huzuia mimba kutunga, kwa hiyo huwezi kuzitumia huku unatafuta mtoto. Upasuaji nao una gharama yake, maana kisu kinachotoa uvimbe kwenye ovari huweza kuondoka na mayai. Usiposema mapema unachotaka, utaandikiwa kile ambacho wengi huandikiwa, na habari ya mtoto itakuja kuulizwa baadaye, muda umeshakwenda.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba, ule unaobomoka na kutoka kila mwezi kama hedhi, inaota nje ya mji wa mimba: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye kano zinazokishikilia, kwenye utumbo mpana, kwenye kibofu, na mara chache hata juu kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Estrojeni, homoni ya kike inayotengenezwa zaidi na ovari, ndiyo inayoilisha. Inavimba, inavuja damu, inachokoza neva, na mwili unajibu kwa kujenga makovu ambayo baada ya muda hugandisha viungo vinavyotakiwa kuteleza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao, yaani wanawake na wasichana wapatao milioni 190. Dawa ya kuung'oa moja kwa moja haijapatikana. Zipo za kuutuliza, upo upasuaji wa kuupunguza, na zipo njia za kupata mtoto ukiwa nao.

Hatua ya 1: Yaandike maumivu kwa mizunguko miwili au mitatu

Maumivu hayaonekani, daftari linaonekana. Kila siku andika vitu vichache: ni siku ya ngapi ya mzunguko (siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya 1), maumivu ni kiasi gani kuanzia 0 hadi 10, yako wapi, umemeza nini na saa ngapi, na umeshindwa kufanya nini. Hicho cha mwisho ndicho chenye uzito kuliko vyote. "Tumbo huniuma sana nikiwa kwenye siku zangu" ni maneno ambayo daktari ameshayasikia leo asubuhi kwa wagonjwa kadhaa, na jibu lake ni parasetamoli. Sasa soma haya:

"Siku ya 2. Maumivu 8, chini ya kitovu na kiunoni, yanashuka paja la kushoto. Ibuprofeni saa 12 asubuhi na saa 8 mchana, yakapungua hadi 6 tu. Kwenda haja kubwa kulinikata kama wembe. Sikwenda kazini. Siku ya 3: hivyo hivyo, na nimetapika."

Mistari hiyo imemwambia daktari kwamba dawa ya kawaida haitoshi, kwamba ugonjwa huenda umefika karibu na utumbo wa chini, na kwamba kila mwezi kazi inasimama. Hapo hawezi tena kusema ni hedhi tu.

Andika na yale ambayo watu huona haya kuyataja: maumivu ya ndani kabisa wakati wa tendo la ndoa, mkojo unaouma siku za hedhi ilhali ukipimwa hauna UTI, tumbo kujaa mpaka nguo haifungi, uchovu usioondoka hata ukilala. Maumivu ya bega la kulia au ya kifua yanayorudi na kila hedhi yaandike pia, hata kama unaona hayahusiani. Na kama umetibiwa PID, yaani maambukizi ya viungo vya uzazi ndani ya nyonga, mara kwa mara, antibayotiki juu ya antibayotiki, vipimo havioneshi maambukizi na maumivu yanarudi na mwezi, liandike hilo juu kabisa ya ukurasa.

Neno kwa wazazi: ugonjwa huu hausubiri ndoa. Msichana wa miaka 14 anayekosa shule kila mwezi kwa sababu ya hedhi anatakiwa kuchunguzwa. "Utazoea" na "ukizaa yataisha" ni kauli zilizochangia wanawake wengi kukaa miaka 7 na zaidi kabla ya ugonjwa wao kupewa jina.

Hatua ya 2: Pimwa, ila ujue kila kipimo kinaona nini

Uchunguzi huanza kwa mazungumzo, kisha daktari hupima nyonga kwa mkono, ukikubali. Baada ya hapo ni ultrasaundi, na iliyo bora ni ile inayofanywa kwa kifaa chembamba kinachopitia ukeni. Ambaye hajawahi kujamiiana, au asiyetaka njia hiyo, hupimwa juu ya tumbo au hufanyiwa MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Ultrasaundi huuona vizuri uvimbe wa ovari uliojaa damu nzito ya zamani, ambao kwa rangi yake huitwa uvimbe wa chokoleti. Mpimaji mzoefu ataona pia ugonjwa uliozama kwenye utumbo au nyuma ya kizazi, na ataangalia kama ovari inateleza au imeganda. Madoa madogo yaliyotapakaa juu ya utando wa nyonga ultrasaundi haiyaoni. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa "kawaida" haijaufuta ugonjwa, na hapa ndipo wengi hurudishwa nyumbani bila matibabu.

Kipimo cha damu cha CA-125 hakiwezi kuuthibitisha wala kuukanusha. Ukiambiwa ukilipie kwa ajili hiyo, uliza majibu yake yatabadilisha nini katika matibabu yako.

Zamani ilisemwa huwezi kuambiwa una endometriosisi mpaka upitie laparoskopi, yaani upasuaji wa matundu madogo ambapo kamera huingizwa karibu na kitovu. Mwongozo wa ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, uliotolewa mwaka 2022, umelegeza sharti hilo. Dalili zikilingana na ugonjwa, dawa zinaweza kuanza, na laparoskopi ikabaki kwa wale ambao picha hazioneshi kitu na dawa zimewashindwa au haziwafai. Naona haya ni mabadiliko makubwa sana kwa mgonjwa wa kawaida: hakuna tena sababu ya kuteseka miaka ukisubiri foleni ya upasuaji ili tu kupata ruhusa ya kumeza kidonge.

Daktari makini ataangalia na mengine yanayofanana: mimba, maambukizi, faibroidi, matatizo ya utumbo, na adenomiosisi, ambapo tishu hiyo imejipenyeza ndani ya msuli wa mji wa mimba. Ugonjwa ukionekana umezama sana, omba figo nazo zipigwe ultrasaundi. Makovu yanaweza kubana mrija wa mkojo na figo ikaharibika kimyakimya, bila maumivu yoyote.

Utasikia pia namba za hatua za ugonjwa, kuanzia 1 hadi 4. Zinapima kiasi cha ugonjwa na makovu yaliyoonekana, hazipimi maumivu. Yupo mwenye hatua ya 4 aliyegundulika kwa bahati tu alipokuwa akitafuta mtoto, na yupo wa hatua ya 1 asiyeweza kusimama siku ya kwanza ya hedhi.

Hatua ya 3: Dawa za maumivu zina saa yake

Maumivu ya hedhi husukumwa na kemikali ziitwazo prostaglandini. Ibuprofeni, naprokseni na asidi ya mefenamiki huzuia zisitengenezwe, ila zilizokwisha kutengenezwa haziziondoi. Ndiyo maana kidonge kilichomezwa ukiwa tayari umejikunja kitandani hakifanyi kitu cha maana. Anza siku moja kabla ya hedhi kama mzunguko wako unatabirika, au mara tu dalili ya kwanza ikitokea, kisha meza kwa saa kwa siku 2 au 3. Kwa mtu mzima asiye na tatizo jingine, ibuprofeni miligramu 400 mara 3 kwa siku, baada ya kula, ndicho kipimo cha kawaida bila daktari. Parasetamoli inaweza kuongezwa juu yake, isizidi gramu 4 kwa siku. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki au naprokseni. Ni ukoo mmoja. Ukizichanganya unaongeza madhara tu, nafuu haiongezeki.

Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na dawa hizi wasizitumie bila ushauri. Anayetafuta mimba azimeze siku za damu tu na kuziacha mapema, kwa kuwa zinaweza kuchelewesha yai kutoka. Katikati ya mzunguko atumie parasetamoli.

Tramadoli na ndugu zake zisiwe dawa ya kila mwezi. Hufunga choo, jambo ambalo kwa mwenye ugonjwa kwenye utumbo ni mateso mapya, na mwili huzizoea haraka. Chupa ya maji ya moto tumboni inasaidia kweli, na haina dozi ya kuzidisha isipokuwa ngozi kuungua.

Kuna maumivu ambayo hayasubiri mpango wowote. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja, homa, kuzimia, kutapika kusikokoma, kifua kubana na pumzi kukatika wakati wa hedhi, au kuchelewa hedhi kukiambatana na maumivu ya upande mmoja: nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Homoni, kwa asiyetafuta mimba sasa

Ikiwa miezi 3 ya dawa za maumivu zinazomezwa kwa saa yake haijakurudishia maisha yako, panda ngazi. Lengo la homoni ni kuinyima tishu ile chakula, na mara nyingi kusimamisha hedhi kabisa. Kutoona damu ukiwa kwenye dawa hizi hakuna ubaya. Damu haijikusanyi mahali ikisubiri kutoka. Utando haukujengwa, basi hakuna cha kutoka.

Vidonge vya majira vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini (homoni inayofanya kazi kama projesteroni ya mwili), ni rahisi kupatikana. Kwa ugonjwa huu vinafanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mfululizo, ukiruka vile vya rangi nyingine visivyo na dawa na kuanza pakiti mpya moja kwa moja. Havimfai mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwanga au giza machoni, aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, mwenye shinikizo la juu la damu, wala mvutaji sigara aliyefika miaka 35.

Kundi la pili ni dawa zenye projestini peke yake, na kwa wengi hili ndilo chaguo bora. Kuna dienojesti miligramu 2 kila siku, norethisteroni asetati, sindano ya kila miezi 3, kijiti cha mkononi, na kitanzi chenye homoni ya levonorgestreli. Tenganisha kitanzi hicho na kile cha shaba, ambacho kinaweza kuongeza damu na maumivu. Ukisema tu "niwekeeni kitanzi" bila kutaja aina, unaweza kutoka na kile ambacho hukukitaka. Dienojesti nayo ina jambo lake: peke yake haijasajiliwa kama dawa ya kupanga uzazi, kwa hiyo usiyetaka mimba tumia kondomu.

Miezi 3 ya mwanzo ya projestini huja na matone ya damu yasiyo na ratiba. Wengi huiacha hapo, karibu kabisa na mahali ambapo ingeanza kufanya kazi. Vumilia hadi mwezi wa 3 au wa 4 kabla ya kuamua imeshindwa, isipokuwa ikikuletea huzuni nzito. Huzuni hiyo ni sababu halali ya kurudi kwa daktari mapema na kubadilisha.

Kuhusu sindano, jibu la lile swali la mwanzo linaamua. Baada ya sindano ya mwisho uwezo wa kushika mimba hurudi taratibu. Wengi huchukua miezi 9 au 10, wengine zaidi. Anayetaka mtoto mwakani asichome. Vidonge, kijiti na kitanzi havina ucheleweshaji wa namna hiyo, na haviharibu kizazi kama inavyovumishwa.

Ngazi ya juu zaidi ni dawa zinazozima amri ya ubongo kwa ovari. Sindano za goserelini na leuprolidi hukuingiza katika hali ya ukomo wa hedhi kwa muda: joto la ghafla, uke mkavu, mifupa kupoteza madini. Ukiandikiwa, uliza kama utapewa pia homoni kidogo ya kukinga mifupa tangu mwanzo. Usikubali "tutaona baadaye". Wiki chache za kwanza maumivu yanaweza kupanda kabla ya kushuka, kwa hiyo jipange. Siku hizi kuna vidonge vya kizazi kipya, elagoliksi na relugoliksi. Elagoliksi iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, na relugoliksi iliyochanganywa na homoni za kinga ikaruhusiwa huko kwa maumivu ya endometriosisi mwaka 2022. Danazoli ni ya zamani na inaweza kuifanya sauti ya mwanamke kuwa nzito isirudi tena. Ukitajiwa hiyo kama chaguo la kwanza, tafuta daktari mwingine.

Hakuna hata moja kati ya dawa hizi inayoongeza uwezekano wa kushika mimba utakapoziacha. Kumweka mwanamke anayetaka mtoto kwenye sindano za miezi 6 "ili kizazi kitulie kwanza" kabla ya kujaribu kwa njia ya kawaida ni kumpotezea miezi 6. Dawa za kusafisha kizazi ndizo zisizo na maana kabisa, maana ugonjwa uko nje ya kizazi.

Hatua ya 5: Shughulikia misuli na neva

Mwili uliojikaza dhidi ya maumivu kwa miaka hubaki umejikaza. Misuli ya sakafu ya nyonga hushika, na neva huzoea kupiga kelele hata ugonjwa ukiwa umetulia. Ikiwa hedhi imesimama kwa dawa lakini tendo la ndoa bado linauma, au upasuaji ulikwenda vizuri na maumivu yamebaki, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia anayejua nyonga. Kazi kubwa hapo ni kujifunza kulegeza. Mazoezi ya kubana misuli ya uke, ambayo kila mtu huyapendekeza, yanaweza kukuzidishia. Kutembea, kunyoosha viungo, usingizi wa kutosha na mtu wa kuzungumza naye husaidia. Ila asikuambie mtu kwamba haya yanatosha badala ya dawa.

Hatua ya 6: Kabla ya kusaini karatasi ya upasuaji

Upasuaji una nafasi yake dawa zikishindwa au zisipokufaa, utumbo au mrija wa mkojo ukibanwa, uvimbe wa ovari ukiwa mkubwa au wenye sura ya kutia shaka, au ukiwa unatafuta mimba na hali yako inaruhusu. Jambo la kushika ni kwamba upasuaji wa kwanza, uliofanywa na mkono unaoujua ugonjwa huu, ndio wenye faida kubwa. Wa pili na wa tatu hukuta makovu, na kila unapogusa ovari, akiba ya mayai hupungua. Kwa hiyo usiutumie wa kwanza kwa "tuingie tuone".

Uliza maswali haya, na ukikuta yanamkera daktari, hilo nalo ni jibu. Anafanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwaka? Atakata na kutoa tishu, au ataichoma juu juu? Akikuta ugonjwa kwenye utumbo, ana mwenzake wa upasuaji wa utumbo, au atafunga na kukuambia urudi? Utapewa taarifa iliyoandikwa pamoja na picha? Taarifa hiyo itunze kuliko cheti chochote, daktari wa uzazi ataihitaji.

Uvimbe wa chokoleti unahitaji maelezo yake. Kuufyonza kwa sindano na kuliacha ganda lake hakudumu, hurudi. Kulibandua ganda hupunguza kurudi, lakini mayai yenye afya hutoka pamoja nalo. Basi kabla ya upasuaji pima AMH, kipimo cha damu kinachokadiria akiba ya mayai. Kama AMH iko chini, au uvimbe uko ovari zote mbili, au umeshafanyiwa upasuaji hapo kabla, zungumza kwanza habari ya kugandisha mayai, au kupitia IVF, yaani kutungisha mimba maabara, bila kugusa uvimbe. Kuukata kwa sababu tu unakaribia kufanya IVF hakuongezi watoto. Kunaweza kuwa na maana ikiwa unauma, au unaizuia sindano isiyafikie mayai.

Baada ya upasuaji, asiyetafuta mimba aanze homoni. Ukiachwa hivi hivi, ugonjwa hurudi kwa karibu mwanamke 1 kati ya 5 ndani ya miaka 2, na kwa 40 hadi 50 kati ya 100 ndani ya miaka 5. ESHRE inapendekeza kitanzi cha levonorgestreli au vidonge vya homoni mbili kwa angalau miezi 18 hadi 24 kuzuia maumivu ya hedhi yasirudi.

Na kutoa kizazi? Ni uamuzi wa aliyemaliza kuzaa na aliyeshindwa na mengine yote. Hata hapo hakuna dhamana, kwa kuwa tishu iliyo nje ya kizazi ikiachwa itaendelea kuuma. Anayeambiwa "tukitoa kizazi umepona" anapewa ahadi ambayo daktari hana.

Hatua ya 7: Ukitafuta mimba

Wenye endometriosisi wengi hushika mimba wenyewe. Kati ya 100, inakadiriwa 30 hadi 50 hupata ugumu, na ugumu si sawa na kutoweza. Adui mkubwa ni muda: umri hupunguza mayai, na ugonjwa nao hupunguza kwa upande wake.

Anza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku kabla ya mimba. Siku za rutuba ni 6, zinazoishia siku yai linapotoka. Kwa mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu siku ya 14. Kukutana kila baada ya siku 2 katika kipindi hicho kunatosha. Kama tendo linauma, ongea na mwenzako kuhusu mikao ambayo wewe ndiye unayeongoza kina, na msilazimishe kila siku kwa hofu ya kukosa.

Watu wengine huambiwa wasubiri miezi 12 kabla ya kwenda kwa daktari. Wewe usisubiri: miezi 6 inatosha, na ukiwa na miaka 35 au zaidi, au uvimbe kwenye ovari zote mbili, nenda ukianza tu kutafuta. Siku hiyo hiyo mwanamume apime mbegu. Ni kipimo rahisi, hakiumi, na kinaachwa hadi mwisho kwa sababu za heshima tu, mwanamke akiwa ameshapasuliwa. Kiwango cha chini kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita; chini ya hapo mpango wote unabadilika. Wewe upime mirija kama imeziba, na AMH.

Kama ugonjwa ni wa hatua ya 1 au 2 na mengine yako sawa, laparoskopi ya kuutoa inaweza kusaidia. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1997, karibu 31 kati ya 100 waliotolewa ugonjwa walishika mimba iliyoendelea ndani ya wiki 36, dhidi ya 18 kati ya 100 waliochunguzwa tu. Njia nyingine kwa hatua hizo ni dawa za kuchochea mayai pamoja na kupandikiza mbegu ndani ya kizazi. Baada ya upasuaji, mwambie daktari akupigie alama za EFI, zinazokadiria uwezekano wako wa kushika mimba mwenyewe, kuanzia 0 hadi 10. Alama za juu, una muda wa kujaribu mwenyewe. Za chini, nenda IVF bila kuzungushwa.

IVF ndiyo njia ya mirija iliyoziba, mbegu hafifu, umri uliosogea, au majaribio yaliyoshindwa. Wengi huogopa kwamba homoni zake zitauamsha ugonjwa. Haijaonekana kwamba huongeza kurudi kwake. Na ambaye hana mwenza bado, au hayuko tayari, lakini ana ugonjwa mkubwa wa ovari, akazungumze habari ya kugandisha mayai mapema. Mayai ya miaka 28 hayalingani na ya miaka 38.

Kuna shinikizo la kuzaa haraka "ili upone". Mimba huweza kutuliza maumivu kwa muda, kisha kwa wengi hurudi. Zaa kwa sababu unataka mtoto.

Kipimo kikionesha mimba, fanya ultrasaundi mapema, wiki ya 6 au ya 7, kuhakikisha imetunga ndani ya kizazi, kwa kuwa hatari ya mimba kutunga nje iko juu kidogo kwako. Acha ibuprofeni na jamaa zake. Baada ya kujifungua, kunyonyesha mara nyingi huchelewesha hedhi na kukupa mapumziko. Hedhi ikirudi na maumivu yake, dawa za projestini peke yake kwa kawaida zinaweza kutumika hata unaponyonyesha, lakini mwambie daktari una mpango gani wa mtoto wa pili kabla hajakuandikia sindano.